“Inaingia Hiyo!”: Mambo Kumi Yanayogoma Ukiunda Gari Dagahaley

Mwingereza akitamani gari la michezo na mfuko ukakataa, huagiza masanduku. Ndani mna fremu ya mabomba, mabati, vipande vya faiba na mfuko wa boliti. Injini, difu na uskani atavitoa mwenyewe kwenye gari kuukuu alilolichinja nyuma ya nyumba. Kisha hujifungia gereji miezi na miezi, akigundua kidogo kidogo kwamba tundu liko hapa, boliti iko pale, na kati yao pana milimita mbili za maudhi.

Dagahaley hakuna anayeletewa masanduku ya namna hiyo. Hata hivyo kazi yenyewe, ya kuzibembeleza sehemu za magari matatu zikubali kuwa gari moja, hufanywa humo kila siku chini ya turubai, na watu wasiojua kwamba huko Ulaya hiyo ni starehe ya wastaafu. Pita katika soko la kambi hii ya wakimbizi, iliyofunguliwa mwaka 1992 kaskazini mwa mji wa Dadaab, kaunti ya Garissa, Kenya, nawe utapishana na chombo cha watu wawili, kilicho wazi juu, kisicho na milango, redio wala kiyoyozi, na ekseli yake imetolewa kwenye gari jingine. Hayo ndiyo maelezo ya Lotus Seven ya mwaka 1957, gari la michezo la Kiingereza. Ndiyo maelezo ya mkokoteni wa punda pia, ila mkokoteni una faida ya kubeba maji.

Basi tuhesabu kwenda chini, kuanzia kinachoudhi kidogo hadi kinachoudhi kweli. Mwenye spana aishike.

10. Kitabu cha maelekezo

Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, aliuza Seven yake ikiwa vipande kwa sababu Uingereza ya siku hizo ilitoza kodi ya ununuzi kwa gari zima, si kwa vipande. Serikali nayo haikulala: ukiuza vipande, usiuze na maelekezo ya kuviunga. Wapenzi wa Lotus husimulia mpaka leo jinsi Chapman alivyojibu. Alitoa maelekezo ya kulifungua gari, mnunuzi akaachiwa kazi ya kuyasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Kenya inaujua mchezo huo. Malori yanayotoka viwanda vya Thika, Mombasa na Nairobi huteremka bandarini yakiwa vipande, kwa kuwa vipande hutozwa ushuru nafuu kuliko gari zima. Pikipiki nyingi vilevile. Tofauti ni kwamba viwandani kuna kitabu. Fundi wa Dagahaley amesoma kwa mtaala wa Chapman: fungua kwanza, maswali baadaye. Chapman alikuwa akikwepa kodi, huyu anakwepa kununua gari jingine.

Ushauri wa bure: simu uliyo nayo ina kamera. Piga picha kabla ya kufungua. Picha ya lundo la vyuma juu ya gunia haijawahi kumsaidia mtu, ingawa TikTok itapata watazamaji.

9. Boliti iliyobaki

Gari limefungwa, limewaka, watu wamepiga makofi, na juu ya gunia pamebaki boliti moja. Fundi huitazama, huitia mfukoni na kutangaza kwamba ni ya ziada. Kiwanda kinachopigania kila senti hakikupi boliti ya zawadi. Mahali pake papo. Patajitambulisha penyewe, aghalabu usiku, kati ya Dadaab na Garissa.

8. Nati za gurudumu

Hapa ndipo uchokozi unapoanza. Magari mengi ya Toyota yana stadi za gurudumu za unene wa milimita 12, na kutoka jino moja la thredi hadi linalofuata ni milimita 1.5. Nissan na Suzuki nyingi zina milimita 12 hizo hizo, lakini jino hadi jino ni 1.25. Kwa macho nati hizo ni pacha. Tofauti yao ni robo ya milimita, na robo hiyo imewaangusha watu wengi kuliko wanavyokubali.

Ukiifunga nati ya Nissan kwenye stadi ya Toyota, itaingia mzunguko mmoja, labda mmoja na nusu, kisha itakaza. Mtu mwenye busara angesimama. Badala yake huletwa bomba refu, bomba likavishwa kwenye spana, vijana wawili wakalining'inia. Nati inaingia! Bila shaka inaingia. Imeshakata thredi zake mpya ndani ya zile za zamani, na siku ya pancha itatoka pamoja na stadi yenyewe.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Anza kila nati kwa vidole, mizunguko mitano, bila spana. Vidole havina nguvu ya kudanganya. Kisha iangalie nati inapokalia rimu: rimu ya chuma hutaka nati yenye koni, na rimu nyingi za aloi za Toyota hutaka nati yenye washa bapa. Ukizichanganya, zitakaza vizuri sana mbele ya mwenye gari na kulegea vizuri sana akishaondoka.

7. Rimu

“Matundu ni matano, na stadi ni tano. Tatizo liko wapi?”

Tatizo liko kwenye duara. Rimu ya Probox ina matundu manne kwenye duara la milimita 100. Ya Noah ina matano kwenye duara la 114.3. Ya Surf ina sita kwenye duara la 139.7. Land Cruiser za miaka ya karibuni zenye stadi tano zinataka 150, na hazina habari na Noah. Usishangae hizo pointi: 114.3 ni inchi nne na nusu, na 139.7 ni inchi tano na nusu. Japani hupima kwa milimita, lakini wazee wa rimu zake walipima kwa inchi.

Namna ya kupima, kwa kuwa muuzaji hatakupimia: kwa matundu manne au sita, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolitazama moja kwa moja. Kwa matundu matano hakuna linalotazamana na jingine, na hapo ndipo wengi hukadiria kwa jicho na kuita majaliwa. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata karibu 114, ni Noah na jamaa zake. Halafu usisahau tundu la katikati, linalokalia habu. Likiwa dogo, rimu haiingii hata stadi zote zikikubali.

Kuna wanaochukua tupa na kuyarefusha matundu mpaka stadi zikubali. Kazi hiyo hufanywa kwa bidii na kwa unyofu wa moyo. Gurudumu likikupita kwenye barabara ya Garissa, usilipungie mkono. Ni lako.

6. Uskani wa upande mwingine

Kenya huendesha kushoto. Somalia na Ethiopia huendesha kulia. Kaskazini Mashariki yetu imekaa kando ya majirani wawili wasiokubaliana nasi hata njia ya kupita, na spea zao hazikubaliani vilevile. Rafu ya uskani ya gari lenye uskani kushoto haikai kwenye gari la uskani kulia. Dashibodi haikai. Mikono ya waipa hufagia upande wa abiria na kumwachia dereva vumbi. Inayokaa bila ubishi ni taa ya mbele, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mwanga wake umekatwa ili uinuke upande wa kulia, yaani machoni pa anayekuja. Mwenye gari hujisifu kwamba taa zake ni kali. Anayekuja anakubaliana naye kwa honi.

5. Springi

Gari la michezo huketi chini. Seven hukaa chini kiasi cha dereva kuweza kuigusa lami akining'iniza mkono. Ilete Dagahaley, kwenye mchanga mwekundu ulionyeshewa mvua za Gu, masika ya Wasomali, kisha ukakaushwa na jua, na sampo itaanza kulima kabla hujafika msikitini. Si kwamba Afrika Mashariki hailijui gari la michezo. Datsun 240Z ilishinda mbio za Safari mwaka 1971, ikarudi kushinda 1973 Shekhar Mehta akiwa kwenye uskani. Ila zile zilikuwa zimeandaliwa kwa njia zetu, na nyuma yake palikuwa na kiwanda kizima cha watu waliolipwa kufikiria springi.

Huku kwetu anafikiria mtu mmoja, na fikra yake huwa moja: ongeza bamba. Springi ya nyuma ilikuwa na mabamba manne, sasa yawe sita. Gari linainuka. Furaha. Kisha:

Yuboliti zinazoishika springi kwenye ekseli zimekuwa fupi. Zinatafutwa ndefu.

Shoki imekuwa fupi, imevutwa hadi mwisho wake, na kila shimo inagonga kwa ndani. Inatafutwa ndefu.

Hosi ya breki imekaza. Hii haipigi kelele. Inasubiri.

Propela imebadili pembe yake, na mtetemo unaanza gari likichanganya mwendo. Dereva anaambiwa asichanganye mwendo.

Taa za mbele, zilizoelekea barabara, sasa zinaelekea miguu ya dereva mwenyewe, maana nyuma imepanda na pua imeinama.

Wanaounga magari ya sanduku Ulaya wanalijua hili, na wakubwa wao ndio waliolijifunza kwa uchungu: ukigusa kimoja umegusa vitano. Kabla ya kuongeza bamba, inua gari kwa jeki kwa kimo kile unachokitaka, uingie chini, utazame ni nini kimekaza. Hosi ya breki iwe ya kwanza kutazamwa. Shoki inayogonga inakera masikio tu.

4. Injini

Toyota ilituhurumia hapa. Injini zake za dizeli za ukoo wa L, yaani 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3, zimetumika katika Hiace na Hilux kwa miaka mingi, na zinafanana kiasi kwamba moja hukaa pa nyingine na kushikana na gia boksi bila kelele nyingi. Fundi akisikia 2L ya mteja imekufa, uso wake hunawiri. Si ukatili. Anajua kazi itaisha.

Ila “itaisha” ina mikia. Sampo ya injini iliyotoka kwenye Hiace huweza kugonga difu ya mbele ikitiwa kwenye gari la magurudumu manne. Bomba la ekzosi litaelekea lilikozoea. Hosi ya rediota itahitaji kona isiyokuwepo. Wakati huo ndipo bomba la pikipiki, kipande cha hosi ya jenereta na klipu tatu hualikwa kikaoni.

Mwenye kiu ya gari la michezo na hana subira, ninamshauri atazame kile kilichoegeshwa mbele ya duka. Tuktuk ya Bajaj ina injini nyuma, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mpangilio huo ndio wa Porsche 911 tangu 1963. Tuktuk imepungukiwa gurudumu moja tu, na wakati wa mvua huenda Porsche isifike inakofika. Dereva wa tuktuk anayekata kona kwa magurudumu mawili hakosei, basi. Anafuata asili ya mashine.

Waliotaka kuunda gari zima kuanzia sifuri tumewaona pia. Rais Moi aliagiza mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Nairobi kikashirikishwa, na kufikia 1990 Nyayo Pioneer ilikuwa imeonyeshwa kwa taifa. Sokoni haikufika. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilitoa Kiira EV mwaka 2011, gari la umeme la viti viwili. Hata chuo kikuu, kikiachiwa kichague, huanzia kwenye viti viwili.

3. Ekseli ya mkokoteni na beringi zake

Naomba nikae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ufundi wa Dagahaley unapokutana na wa Chapman uso kwa uso. Seven ya mwanzo ilibeba ekseli ya nyuma ya gari la kawaida la familia. Mkokoteni wa punda unafanya hivyo hivyo, na fundi anachagua kwa makini kuliko unavyodhani.

Kwanza, hachukui ekseli yoyote tu. Anatafuta ya nyuma, ya gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Ekseli hiyo haina difu wala shafti ndani yake, ni boriti tu yenye habu mbili. Ni nyepesi na haivuji oili. Ukimpa ya gari la kizamani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, punda ataburuta difu ya bure maisha yake yote, naye ndiye fundi pekee katika kazi hii asiyeulizwa maoni.

Pili, ekseli ya gari ni pana, na vichochoro kati ya nyua za miiba havikupimwa kwa Noah. Kwa hiyo inakatwa katikati na kuchomelewa tena ikiwa fupi. Hapa ndipo kosa la jicho linapogeuka jasho la mnyama. Gurudumu moja likipinda kwa digrii moja tu kutoka kwenye mstari wa safari, kila mita 100 za mwendo gurudumu hilo linataka kwenda kando mita moja na robo tatu. Haliwezi, kwa sababu limeshikwa. Linaburuzwa. Tairi linalika upande mmoja na punda anapigwa kwa uvivu wa fundi.

Dawa yake ni kamba. Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, shikiza kwa nukta chache tu, funga magurudumu, kisha pima umbali kati ya tairi na tairi kwa mbele, kwenye kimo cha habu, na kwa nyuma kwenye kimo hicho hicho. Vipimo viwe sawa. Visipolingana, gonga, pima tena, ndipo uchomelee. Kipande cha uzi wa gunia kinatosha, na punda hatakuwa na njia ya kukushukuru.

Tatu, beringi. Beringi imeandikwa namba ubavuni, lakini chini ya grisi ya miaka mingi, hivyo watu huipima kwa kidole na kusema “ya kati”. Hakuna beringi ya kati. Ifute kwa kitambaa na dizeli kidogo usome. Ikiwa ni 6205, chukua tarakimu mbili za mwisho uzidishe kwa tano: 25. Hiyo ndiyo milimita ya tundu lake. Ikiwa 6206, ni 30. Kanuni hiyo inaanzia 04 kwenda juu. 6203 haimo, yenyewe ni 17, na wanaoilazimisha kwenye kanuni huishia na 15 na hasira.

Shafti ikiwa imelika, beringi mpya itacheza. Huletwa mkebe wa soda, ukakatwa ukanda, ukazungushwa kwenye shafti. Wahandisi watakunja nyuso. Mimi nasema hivi: kwa mkokoteni unaotembea mwendo wa punda, ukanda wa mkebe utakupa muda. Kwa tuktuk yenye abiria watatu na mtoto, usithubutu. Peleka kwa mwenye mashine ya lezi, hata akiwa Garissa.

Na beringi ikiwa imebana, usiipige nyundo katikati ya gololi, tafadhali. Chuma kikipata moto hupanuka. Habu yenye tundu la milimita 52, ambalo ndilo linaloipokea hiyo 6205, ikipashwa kwa nyuzi 100 zaidi hupanuka karibu sehemu sita za mia za milimita. Ni kidogo, na ndicho hasa kinachohitajika. Pasha habu kwenye oili ya moto, beringi ikae kivulini ndani ya kitambaa kibichi, na itazama kwa mkono. Jua la Dagahaley limeshaanza nusu ya kazi hiyo tangu saa tano asubuhi na halijaomba malipo.

2. “Inaingia hiyo!”

Hili ni neno linalosemwa kwa uhakika mkubwa zaidi na mtu aliye mbali zaidi na gari: muuzaji wa spea wa Nairobi, ambaye mteja humwita adeer, yaani ami kwa Kisomali.

“Adeer, nataka habu ya nyuma ya Probox.”

“Iko.”

“Yangu ni NCP51.”

“Probox ni Probox, warya. Inaingia hiyo.”

Probox si Probox. Ilitoka mwaka 2002, na mwaka 2014 Toyota ikaibadilisha sana huku ikiliacha jina. Kabla ya hapo, NCP50 ilikuwa ya lita 1.3, NCP51 ya lita 1.5, na NCP55 ya lita 1.5 inayovuta kwa magurudumu manne. Hiyo ya mwisho ina shafti zinazokwenda nyuma, kwa hiyo habu yake ina tundu la shafti. NCP51 haina shafti ya kutia humo. Sanduku likifunguliwa Dagahaley, fundi anachungulia katikati ya habu na kumwona mteja upande wa pili.

Muuzaji hadanganyi. Posa imeletwa na picha ya bibi harusi, naye ameitazama picha akasema atamfaa. Shida ni picha. Habu iliyopigwa picha juu ya mkeka, bila rula pembeni, inaweza kuwa ya Probox au ya lori. Kwa hiyo ukipiga, weka rula au tepu kwenye picha, itandaze bapa juu ya chuma, simu iwe moja kwa moja juu yake. Piga picha ya pili ya namba ya chasisi. Ya tatu iwe ya namba iliyochorwa kwenye spea yenyewe, hata kama imebaki nusu. Ukiwa na kipimo cha kaliba, pima tundu na unene, uandike kwa tarakimu, si kwa “kama kile cha siku ile”.

Wewe muuzaji, ukiulizwa mara tatu usijibu “inaingia” mara tatu. Toka nje na rula.

Kwa maana spea isiyoingia ina safari. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kama kilomita 370, kisha kama 100 nyingine hadi Dadaab. Mzigo unapanda basi, unashuka, unapanda jingine. Novemba 2023 mafuriko ya El Niño yalipoikata barabara karibu na Garissa, hata spea iliyoingia haikufika. Nauli ya kuirudisha isiyofaa mara nyingi inazidi hamu ya kuirudisha, na ndiyo sababu nyuma ya kila gereji kuna rundo la spea mpya kabisa, za magari ya watu wengine. Rundo hilo lina heshima yake. Baada ya miaka miwili, mtu atakuja na NCP55.

1. Fundi mwenyewe

Kila tatizo hapo juu lina dawa ya kale kuliko injini: chukua kipande kibovu mkononi, nenda dukani, kiweke juu ya kipya, tazama. Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, imejengwa juu ya tendo hilo. Mtu anaingia na beringi iliyofungwa kwenye gazeti, anatoka nayo na mwenzake. Mwingereza wa masanduku naye, boliti ikimkataa Jumamosi asubuhi, kufikia mchana ameshaendesha gari lake la kawaida hadi dukani na kurudi.

Fundi wa Dagahaley aliye mkimbizi hawezi. Kutoka eneo la kambi anahitaji kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, kibali kinataka sababu, na “thredi ya 1.25” haijawahi kusikika kama sababu. Basi shafti inabaki Dagahaley na beringi inabaki Nairobi, na mtu pekee anayejua jinsi zinavyopaswa kukutana amekaa upande mmoja akipiga picha. Ndiyo maana kuna haja ya rula, ya kaliba na ya namba ya chasisi, na ndiyo maana anategemea maneno ya yule adeer wa dukani. Ndiyo maana spea nyingi huagizwa kupitia wenyeji wanaosafiri, watu wema wanaobeba habu mapajani bila kujua ni habu.

Na kuingiza kisichoingia si kwa spea tu: kambi za Dadaab zenyewe ni ushahidi. Ifo, Dagahaley na Hagadera zilipangiwa watu 90,000 kwa pamoja. Mwaka 2011 walikuwa zaidi ya 400,000. Hata kwa bomba refu na vijana wawili, kipimo hicho hakikuwa kinaingia, na watu wakaingia.

Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Yatasemwa mengi kuhusu ardhi, shule na hospitali, na ni haki yasemwe. Mimi nina ombi dogo kwa wanaoandika kanuni zake. Fundi akija dirishani na kipande cha chuma kilichofungwa kwenye gazeti, msimuulize maswali mengi. Mpeni siku nne: mbili za njia, mbili za Grogan. Na awekewe kiti cha dirishani kwenye basi, maana atataka kutazama magurudumu ya wenzake.